Makunduchi mpaka Malindi kila siku kwa kazi yenye mbele: niende au nibaki?

Binti_Kusini

Assalaamu alaykum wadau. Nna jambo linanisumbua na jawabu lake linatakiwa kabla ya mwisho wa wiki ijayo, kwa hiyo nitaeleza yote ili mnishauri mkiwa mnajua.

Nakaa Makunduchi, kusini Unguja, nimeolewa, nna mtoto mmoja wa miaka minne. Diploma yangu ya uhasibu nimeisomea Chwaka, na tangu nimalize niko kwenye nyumba ya wageni hapo Jambiani, vyumba vinane, mie ndiye ninayeshika hesabu. Kutoka kwangu mpaka kazini nusu saa haifiki. Mwenye nyumba ni mtu mwema, mshahara wangu wa 450,000 haujawahi kuchelewa, na siku mtoto akiumwa nikisema natoka, natoka.

Lakini kazi imesimama. Naandika risiti, nalipa wanaoleta samaki na mboga, naingiza mauzo kwenye mfumo wa Mamlaka ya Mapato, mwisho wa mwezi nampa bosi karatasi moja. Hesabu za mwaka anafunga mtu wa mjini. Anakuja Januari, anachukua mafaili yangu yote kwenye boksi la maji ya chupa, baada ya wiki kadhaa yanarudi yamefungwa kamba. Kilichofanyika humo ndani sijawahi kuonyeshwa. Leo nikiulizwa kwenye usaili nimejifunza nini kipya tangu mwaka juzi, sina la kusema.

Sasa nimekubaliwa kwenye kampuni moja ya uwakala wa forodha pale Malindi, bandarini mjini Unguja. Msaidizi wa mhasibu, 700,000. Mhasibu wao mkuu ana CPA, cheti cha juu cha uhasibu, na wameniambia kwa mdomo kwamba anayejisajili kwa mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu inayotoa cheti hicho, wanampa ruhusa siku za mitihani na wanamchangia ada. Nitakaa meza moja na mtu anayefunga hesabu za mwaka mwenyewe. Hilo kwangu ni kubwa kuliko mshahara.

Shida ni barabara. Ni kama kilomita 65 kwenda na hizohizo kurudi. Nitoke nikishasali alfajiri, nirudi magharibi imeingia, na hapo ni siku ambayo gari zimekubali.

Na nyumbani ndiko kwenye mambo. Anayenishikia mtoto ni mama yangu, lakini mama naye ana kazi yake, analima mwani. Bamvu, zile siku za maji kujaa na kupwa sana, likiingia maji yanakauka asubuhi saa tatu, saa nne, na yeye huwa chini kwenye kamba zake mpaka maji yapande. Siku hizo mtoto anabaki na mume wangu, seremala, karakana yake iko uani. Anaranda mbao jicho moja liko kwa mtoto. Nikiwa Jambiani likitokea lolote napigiwa simu na nafika. Nikiwa Malindi nitapigiwa simu tu.

Mume amesema nikiamua kwenda hatanizuia, ila nifikiri vizuri. Mama hajasema kitu, nikimuuliza anajibu "fanya lenye kheri". Mnaokwenda na kurudi masafa kama haya, au mliowahi, nambieni kwa ukweli: inafaa?

Dereva_310

Waalaykum salaam ukhti. Nimeendesha gari ya Makunduchi miaka mingi kabla ya kupumzika, nikueleze njia ilivyo, maana kilomita hazisemi kitu.

Asubuhi si tatizo kubwa kama unavyodhani. Gari za mwanzo zinajaa upesi: wafanyakazi, wanafunzi, na wenye mizigo ya samaki na muhogo inayowahi soko. Utingo anapanga mizigo juu, watu wanabanana, gari inaondoka. Mpaka Jozani unakwenda vizuri, pale kuna matuta kwa ajili ya kima punju na dereva mwenye akili hapigi mbio, halafu Tunguu. Kuanzia Tunguu ndipo unapoanza kuhesabu dakika. Jumbi, Mwanakwerekwe, kila mtu anataka kuingia mjini saa ile ile. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na 893,169 wako Mjini Magharibi peke yake. Karibu nusu ya nchi imekaa mkoa mmoja, na sisi wa shamba tunaingia juu yao. Halafu gari ya shamba haikufikishi Malindi, utashuka upande nyingine, kwa hiyo hesabu nauli mbili na kusubiri mara mbili.

Jioni ndiko kwenyewe. Gari yetu haiondoki kwa saa, inaondoka ikijaa. Ukitoka ofisini saa kumi utaipata imeshapata watu. Ukitoka saa kumi na moja na nusu utakaa ndani ya gari tupu unamtazama utingo anaita, na baada ya magharibi ndiyo zinapungua kabisa. Kwa hiyo usiwaulize hao waajiri unaingia saa ngapi tu. Waulize unatoka saa ngapi, na kama mwisho wa mwezi wahasibu wanabakishwa.

Ummu_Ibtisam

Mie ni muuguzi, nafanya kazi mjini na nilikuwa natokea Bwejuu kila siku mpaka tulipojenga huku karibu. Nitasema upande ambao wanaume humu hawatausema.

Unaondoka mtoto amelala, unarudi amelala. Wiki ya kwanza unalia. Wiki ya tatu yeye ndiye anayeacha kukuulizia, na hiyo inauma zaidi. Mie nilichofanya nilishika kitu kimoja cha mwanangu kikawa changu, sikumpa mtu. Nikifika hata nimechoka vipi namsomesha Qur-ani yake kidogo kabla ya kulala, sura fupi, hata aya mbili. Bibi yake alijua, akawa anamlaza mchana ili usiku anisubiri. Mtoto wangu sasa mkubwa na hicho ndicho anachokumbuka, hakumbuki kwamba sikuwepo.

La pili, mama yako. Dada yangu, hajakwambia kitu kwa sababu yeye ndiye atakayelipa hizo saa. Wewe unapoongeza saa nne barabarani, saa nne hizo zinatoka kwake. Bamvu likija itabidi achague mjukuu au mwani, na mwani usipovunwa kwa wakati unakatika na kuchukuliwa na maji. Pesa yake ya mwani ni yake, anaijua mwenyewe anaitumiaje. Kabla hujajibu waajiri kaa naye, umwambie kiasi gani utampa kila mwezi, kiwe kiasi kinachojulikana, usimwambie "nitakusaidia". Akikataa kupokea mpe mwanamke mwingine wa jirani amshike mtoto siku za bamvu. Lakini usichukulie kwamba mama yupo tu.

Sasa piga hesabu. Umeongezewa 250,000. Toa nauli ya gari mbili kwenda na mbili kurudi, toa chakula cha mchana mjini, ambacho Jambiani nadhani unakula jikoni kwao, toa cha mama. Mwaka wa kwanza hiyo nyongeza yote inaishia njiani. Ukienda, uende ukijua kwamba pesa hukuipata bado.

Kijana_wa_Fuoni

Kwa nini msihamie tu? Chumba na sebule Fuoni au Tomondo mnapata, mume seremala, kazi za milango na vitanda mjini hazikatiki. Watu wote wamehamia huku.

Binti_Kusini

Kaka, mwenye nyumba wa kwanza niliyemuuliza anataka kodi ya miezi sita mbele, na kule tunakokaa ni kwetu hatulipi kodi. Mashine za mume wangu na wateja wake wako Makunduchi. Tukihamia atakuwa anaanza upya ili mie niendelee mbele, na mama atabaki peke yake. Kuhamia sijakukataa, lakini si kwa kazi ambayo sijaijua hata mwezi mmoja.

Abu_Nasra

Mie nitasema ninavyoona, msinichukie. Mwanamke mwenye mume kushuka kwenye gari usiku kila siku si jambo la kuchukulia wepesi. Sisemi asifanye kazi. Kazi anayo tena karibu na nyumbani. Nasema usalama wake na utulivu wa nyumba vina thamani, visiwekwe chini kwa sababu ya laki mbili na nusu.

Ummu_Ibtisam

Abu Nasra, hofu ya usalama ni ya kweli na mie nimeipita. Kutoka kituoni mpaka nyumbani ndiyo sehemu mbaya, si gari. Mume wangu alikuwa ananipokea na Vespa, siku akishindwa anamtuma kaka yangu. Hilo linapangwa. Lakini dada hakusema anafuata laki mbili na nusu. Amesema anafuata elimu ya kazi yake. Angekuwa mume wake ndiye aliyepata nafasi hii sidhani kama uzi huu ungekuwepo.

Mwana_wa_Msingini

Nawasoma hapa Chake nikiwa nahisi mnaizungumzia barabara kama kwamba ni bahari. Sisi Wapemba ukipata kazi yenye mbele mara nyingi iko Unguja, na huko hakuna kwenda na kurudi. Unapanda meli Mkoani, unaonana na wanao mwisho wa mwezi, kama tiketi na hali ya bahari vimekuwezesha. Mama yangu tangu ile meli ya Spice Islander izame Septemba 2011 halali mpaka nimpigie kwamba nimeteremka salama. Wewe dada utalala kwako kila siku. Usiidharau neema hiyo.

Lakini nataka nikueleze jambo moja, ndilo lililonifaa mie. Nilikuwa kwenye ofisi moja hapa Chake, kazi ya mifumo ya kompyuta, nzuri, jirani, ila niliyoyajua mwaka wa kwanza ndiyo niliyokuwa nayajua mwaka wa nne. Nikapata Unguja. Kabla sijaondoka nilikaa na mke wangu na wazee tukakubaliana muda: miaka mitatu. Tuliutaja mbele ya watu. Na tulikubaliana pia nakwenda kuchukua nini: nijifunze kuendesha mtandao mzima wa ofisi na nipate vyeti viwili vya fani, nivijue kwa majina. Nilipovipata nikaanza kutafuta kazi ya kurudi nayo Pemba, na leo niko Chake kwenye cheo ambacho nisingekipata ningebaki.

Wenzangu tuliokwenda nao pamoja bila muda wako huko mpaka leo. Si kwamba wamefeli, wengine wana vyeo. Lakini watoto wao wamekua wanawajua kwa simu, na ukiwauliza wanarudi lini wanasema "tutaona".

Kwa hiyo swali langu kwako: hicho utakachojifunza Malindi utaweza kuondoka nacho? CPA unaondoka nayo, ni yako popote Tanzania. Kujua kufunga hesabu za mwaka unaondoka nako, hata hiyo nyumba ya wageni ya Jambiani siku moja inaweza kukulipa wewe badala ya yule mtu wa mjini. Ila kama watakuweka kwenye kuandika hati za malipo tu, utakuwa umehamisha kazi yako ile ile kilomita 65.

Dereva_310

Huyu kijana wa Pemba kasema maneno ya mtu mzima.

Mapokezi_Mashariki

Salaam. Niko idara ya rasilimali watu kwenye hoteli moja ya mwambao wa mashariki. Nashangaa hakuna aliyetaja jambo hili: kwa nini mjini? Kuanzia Jambiani, Paje, Bwejuu mpaka Michamvi kuna hoteli kubwa zenye idara nzima ya hesabu. Kuna wa mapato, wa malipo, wa stoo, wa kudhibiti gharama za jikoni na baa. Mtu mwenye diploma akiingia anazungushwa, na gari ya wafanyakazi inapita vijijini kuwachukua. Wageni walioingia Zanzibar 2023 walikuwa 638,498, mwaka 2024 wakawa 736,755. Kazi zipo.

Ila niseme na la upande wa pili, maana nawaona watu wanavyoumia. Hoteli ina msimu. Julai, Agosti na Desemba kile kiasi cha tozo ya huduma kinachogawiwa wafanyakazi kinakuwa kizuri na mtu anaanza kuishi kwacho. Masika yakiingia, Aprili na Mei, baadhi ya hoteli zinafunga au zinapunguza watu, wengine wanapelekwa likizo bila malipo. Ukilinganisha mshahara wa hoteli na wa ofisi linganisha ule ulioandikwa kwenye mkataba tu.

Binti_Kusini

Dada nashukuru. Nimeshajaribu hoteli mbili kabla ya hii ya Malindi. Nafasi waliyokuwa nayo ni ya ukaguzi wa hesabu za usiku, unaingia saa tano unatoka alfajiri. Kwa mtoto wangu hiyo naiona ngumu kuliko barabara. Lakini nitakuandikia faragha unitajie kama kwenu kuna ya mchana.

Mzee_wa_Vuga

Mwanangu, mimi ni mstaafu, nimekaa ofisini maisha yangu yote, na nitakuuliza maswali ya kizee.

Wamekuandikia? Ruhusa ya mitihani, mchango wa ada, hayo umesema "kwa mdomo". Waombe yaingie kwenye barua ya ajira kabla hujaacha kazi ya Jambiani. Mitihani ya NBAA ni Mei na Novemba, na mwisho wa mwezi wa kampuni ya forodha ni mwisho wa mwezi kweli, wateja wanasubiri mizigo bandarini. Siku hiyo mkuu wa idara akibanwa na kazi, neno la mdomo halitakuombea ruhusa. Na wewe mwenyewe ulizia mapema diploma yako itakuingiza ngazi gani ya mitihani, maana kuanzia chini na kuanzia katikati kuna tofauti ya miaka, na ukishaweka muda kama alivyofanya kijana wa Pemba, tuseme miaka miwili, utataka kujua kama inatosha.

ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, je? Mfuko upo tangu sheria ya 1998 na mwajiri anawajibika kukuchangia. Hapo Jambiani wanakuchangia? Nenda kaangalie taarifa ya michango yako sasa hivi kabla hujatoka. Nimewaona watu wanafika uzeeni wanakuta miaka mitupu, kampuni ilikuwa inakata kwenye mshahara na haipeleki. Na hao wa Malindi, muulize mfanyakazi wa kawaida pale, si meneja.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya niandike. Kazi ya uwakala wa forodha inafuata bandari. Malindi pamebana siku nyingi, na serikali ina mpango wa kujenga bandari ya mizigo Mangapwani. Makontena yakihamia kaskazini, ofisi za mawakala zitabaki Malindi? Zingine zitabaki, zingine zitafuata mzigo. Kutoka Makunduchi mpaka Mangapwani unavuka kisiwa karibu chote. Waulize mipango yao. Mtu anapima barabara ya leo, halafu ofisi inahama na mkataba hausemi kitu kuhusu mahali pa kazi.

Binti_Kusini

Mzee shikamoo. Hilo la Mangapwani wallahi halikunipitia kichwani hata kidogo.

Kijana_wa_Fuoni

Anunue pikipiki basi. Saa moja na kidogo yuko mjini, hana habari na utingo.

Dereva_310

Kijana, mvua ya masika unaijua inavyopiga kuanzia Kitogani mpaka Jozani? Alfajiri, giza, barabara ina maji, roli la mchanga linakuja mbele yako. Siku moja moja kwa dharura sawa. Kila siku mwaka mzima kwa masafa yale, mie ningekuwa baba yake nisingekubali.

Nitakupa njia nyingine ukhti. Makunduchi na Kizimkazi kuna wafanyakazi wa serikali wanaokwenda Tunguu na mjini kila asubuhi na gari zao. Wanachangiana mafuta, watu wanne watano, kila mtu ana kiti chake na saa inajulikana. Inakuwa ghali kidogo kuliko gari ya abiria lakini jioni unaokoa karibu saa nzima, na unashushwa mlangoni. Wale hawatangazi, inabidi utambulishwe.

Ummu_Ibtisam

Hiyo ya kuchangiana mafuta ndiyo iliyoniokoa mie. Na unaweza kulala njiani, au kusoma. Kwenye gari ya abiria, mtoto wa mtu kapakatwa magotini kwako na ndoo ya samaki iko miguuni, hakuna mtihani wa CPA unaosomeka. Watu wanasema "utasoma kwenye gari". Pima kwanza ni gari gani.

Na Ramadhani uifikirie peke yake. Ofisi zinafunga mapema lakini kila mtu anawahi futari, Mwanakwerekwe haipitiki. Unaweza kufuturu kwa tende na maji ndani ya gari, mwezi mzima, huku kwako mume na mtoto wanafuturu bila wewe. Mie mwezi ule nilikuwa nachukua likizo yangu ya mwaka, siku kumi za mwisho. Wengi wetu tunafanya hivyo.

Binti_Kusini

Wadau, nimerudi. Nilikaa kimya siku hizi kwa sababu nilikuwa nafuatilia mliyonambia.

Malindi nimekwenda, safari hii siku ya kazi, na gari ya abiria, kwa saa zile zile nitakazotumia. Nilitaka nijue kwa mwili wangu. Asubuhi ilikuwa kama alivyosema dereva, mpaka Tunguu sikujua kama nimesafiri. Jioni nilikaa kituoni mpaka mgongo ukauma.

Nimezungumza na mkuu wa hesabu. Nilimuuliza kwa siku nitafanya nini khasa, akanifungulia kabati akanionyesha mafaili ya mwaka jana. Hesabu za mwaka za wateja wao wawili alizifunga msaidizi aliyeondoka, jina na saini yake iko pale. Nilipoiona saini ile moyo ulikaa sawa. Ruhusa ya mitihani na mchango wa ada wamekubali kuandika, na wameandika, nimeiona rasimu ya barua. Kuingia ni saa mbili na nusu, kutoka saa kumi na nusu. Hiyo nusu saa ya asubuhi wamenipa kwa sababu ya mbali, ila mwisho wa mwezi nitabaki na wenzangu. Kuhusu Mangapwani hawakuwa na jawabu. Nimeomba barua itaje Mjini kuwa mahali pa kazi, wakasema watampelekea mkurugenzi. ZSSF nimekwenda mwenyewe, michango yangu ya Jambiani ipo yote alhamdulillah.

Nyumbani ndiko kulikochukua muda. Nilikaa na mama kama alivyonishauri Ummu Ibtisam, nikamtajia kiasi. Alikataa, kama ulivyosema. Kisha akanyamaza, kisha akasema yeye shida yake si pesa. Shida yake ni bamvu, siku zile ambazo anashindwa kuwa pahali pawili, na kwamba mtoto sasa anakimbia, mume wangu anatumia mashine yenye meno. Alikuwa na hofu hiyo muda mrefu na hakuitoa. Ningekwenda Malindi bila kumuuliza ningemwachia hofu hiyo kila bamvu. Kwa hiyo tumekubaliana na binti wa jirani aliyemaliza skuli, siku za bamvu atakuja asubuhi mpaka mama arudi kutoka pwani, na namlipa mie. Mume wangu ameweka mlango kwenye karakana, umefungwa kwa komeo la juu. Ameutengeneza jioni ile ile.

Muda tumeuweka miaka miwili na nusu, kwa sababu nimeuliza kuhusu ngazi za mitihani na miwili haitoshi. Ukifika, tunakaa tena sisi wanne. Kama nitakuwa sijafika ninapotaka kwa uzembe wa kampuni narudi mashariki, niombe hoteli nikiwa na la kusema kwenye usaili. Kama nitakuwa nimefika, ndipo tutazungumza habari ya kuhamia.

Na mwisho wa mwezi nikibakishwa nitalala kwa shangazi yangu Fuoni, ameshakubali. Pesa nimeipiga hesabu mara nyingi, mwaka wa kwanza nitabakiwa na kitu kidogo sana juu ya ninachobakiwa nacho sasa. Nimekubali hivyo.

Jambiani nimempa mwenye nyumba taarifa ya mwezi mmoja. Amesikitika, lakini ameniomba nimfundishe atakayenifuata, na akasema nikipata hiyo CPA nimpigie simu kabla sijampigia mtu mwingine.

Mwana_wa_Msingini

Mungu akuwezeshe dada. Huo muda uandikeni mahali, mke wangu aliuandika nyuma ya kalenda.

Abu_Nasra

Umelifanya kwa mashauriano na mumeo na mama yako, mie sina tena neno. Allah akuhifadhi njiani. Kituoni Makunduchi nani anakupokea?

Binti_Kusini

Mume wangu. Akiwa na kazi ya kumalizia, ndugu yake mdogo ana boda. Nimewaambia wote wawili.

Mzee_wa_Vuga

Barua ikishasainiwa piga nakala mbili, moja ikae kwa mama yako. Na hilo la mahali pa kazi usiwaachie. Mkurugenzi akichelewa kujibu mkumbushe kwa maandishi.

Binti_Kusini

Nitafanya hivyo mzee. Limebaki moja tu. Dereva, wale wa kuchangiana mafuta nitawapataje? Naanza kazi tarehe mosi.

Dereva_310

Njoo kituoni Jumamosi asubuhi, baada ya alfajiri, mie huwa pale na wenzangu tunakunywa kahawa. Kuna mwalimu mmoja anayekwenda mjini kila siku, mtu wake mmoja amehamishwa kazi na kiti kiko wazi. Mume wako aje pia wajuane. Mwambie aniulizie kwa muuza kahawa.